Nani Aliyewaambia Kuwa Chakula cha Kile Kibanda ni Haramu?



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma mbali na kwenu,

Kuna ujumbe umezunguka katika simu zetu kwa wiki tatu sasa, na wengi wenu mmeuona. Unasema kwamba kile kibanda cha chakula cha Kipakistani na Kihindi kilichoko Old Kampala, chini ya kilima cha Msikiti wa Taifa, kinawalisha Waislamu nyama isiyochinjwa kisharia, na kwamba mpishi wake ni kafiri. Ujumbe hauna jina la aliyeuandika. Hautaji siku, hautaji aliyeona, hautaji kilichoonekana. Una alama nyekundu za kushtua na amri ya kuusambaza kwa Waislamu wote. Na sisi kwa kusambaza, mashaallah, hatujambo. Laiti tungekuwa wepesi hivyo kuitikia adhana ya Alfajiri.

Tuanze na kosa letu wenyewe, ili asije mtu akasema walimu wanawanyooshea wengine vidole. Siku ya pili baada ya ujumbe kutoka, kijana mmoja alituuliza darasani, "Ustadhi, ni kweli yale ya kibandani?" Tulikuwa na haraka, somo lilikuwa la mirathi na muda umekwisha. Tukamjibu kwa mkato kwamba Muislamu huacha lenye shaka akachukua lisilo na shaka. Neno lenyewe ni sahihi, limo katika hadithi. Lakini tulilitumia mahali ambapo tulipaswa kusema, "Hatujui, tutakwenda kuuliza." Ilipofika Ijumaa, ujumbe ulirudi kwetu ukiwa na mstari mpya: kwamba hata ustadhi wa madrasa amekataza. Tulikuwa tumegeuzwa ushahidi wa jambo tusilolijua.

Basi Jumatatu tulikwenda, jambo tulilopaswa kulifanya mwanzo.

Kwa wasiokijua, kibanda hicho ni chumba kimoja, upana wake hatua tatu. Hakuna meza. Kuna benchi moja nje, kaunta yenye kioo, jiko la gesi, na sufuria zimepangana mpaka mlangoni. Unaagiza, unafungiwa, unaondoka. Dengu na chapati mbili ni shilingi elfu 6. Biriani ya kuku ni elfu 12, na inawatosha vijana wawili wasio walafi. Harufu ya bizari na vitunguu inakupokea tangu kwenye kona. Ni chakula cha watu wenye fedha kidogo: wanafunzi kutoka Mombasa, Unguja na Bujumbura wanaopanga chumba kimoja wanne, makuli wa maduka ya jumla, madereva wa bodaboda, na walimu wa madrasa kabla ya mwisho wa mwezi.

Wenyewe ni wawili. Mmoja ni Muislamu kutoka Punjab ya Pakistani, ndiye anayepika nyama. Mwenzake ni Mhindu kutoka Gujarat, na huyu ndiye "kafiri mpishi" wa kwenye ujumbe. Tulipomuuliza yule Mpakistani kuhusu nyama tulidhani atakasirika. Hakukasirika. Alitufungulia friji, kisha akatuambia, "Maulana, njoo kesho alfajiri tuende pamoja." Tukaenda. Kuku ananunuliwa sokoni akiwa hai, na anayemchinja ni mzee wa Kiganda ambaye tumesimama naye safu moja katika swala kwa miaka mingi. Tulimtazama akielekeza, akitaja jina la Allah, akikata. Nyama ya ng'ombe inatoka bucha la Muislamu, na hilo si ajabu, kwani katika nchi hii Waislamu ni wachache, kiasi cha asilimia 14 kwa sensa ya mwaka 2014, lakini kazi ya kuchinja kwa ajili ya soko imekuwa mikononi mwao kwa desturi tangu enzi za Waingereza.

Na yule Mhindu? Yule hali nyama kabisa, wala haigusi. Anapika dengu, viazi, kabichi, bajia na chapati. Ana sufuria zake, ana upande wake wa jiko, na katika chumba kile chembamba ndiye anayelinda mpaka kwa ukali zaidi, maana anaogopa mwiko wa nyama usije ukaingia katika dengu lake. Ndugu zetu wanaogopa kwamba mtu huyu anawalisha kuku wa haramu. Mwenyewe humfikishi karibu na kuku.

Kasoro tuliyoiona ni moja, na tunaisema. Mafuta ya kukaangia bajia yalikuwa yamekuwa meusi. Tulimwambia, akayamwaga mbele yetu, na tumerudi mara mbili tangu hapo tukayakuta masafi. Cheti cha halali ukutani hana. Cheti ni jambo jema na tumemshauri akiombe. Lakini nani kati yetu amewahi kumuuliza cheti mama anayetuuzia mishkaki barabarani?

Sasa tuje kwenye dini yenyewe, maana wanaosambaza wanasema wanailinda dini. Mnyama aliyechinjwa na Mhindu hatumli, hilo halina ubishi kwetu. Lakini mkono wa asiye Muislamu kukoroga dengu au kusukuma chapati hauharamishi dengu wala chapati. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) na masahaba wake walipokuwa safarini wakakosa maji, walitumia maji ya viriba vya mwanamke mshirikina. Katika kitabu hicho hicho Bibi Aisha (r.a.) anaeleza kwamba watu walimuuliza Mtume kuhusu nyama inayoletwa na watu waliosilimu karibuni, hawajui kama jina la Allah lilitajwa juu yake au la. Aliwaambia watamke wao jina la Allah, kisha wale. Hakuwaambia waifanyie upelelezi kila paja la kondoo linaloingia mjini. Shaka inayomfanya mtu aache kitu ni ile yenye sababu. Isiyo na sababu ni wasiwasi, na wasiwasi tunajua unatoka wapi.

Kisha kuna nyama nyingine ambayo hukumu yake haina utata hata kidogo. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, Allah (s.w.) ameifananisha ghiba na mtu kula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Na kama lisemwalo si kweli, basi limepita ghiba, ni uzushi. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari tukiletewa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Fasiki angalau ana sura na jina. Ujumbe huu hauna hata hivyo viwili, na tumeuamini. Tumekimbia biriani ya elfu 12 kwa kuogopa haramu, tukakaa barazani tukala ile nyama ya kwenye Hujuraat bure.

Tunasema haya kwa uchungu kwa sababu tunajua baadhi ya waliosambaza hula wapi. Tumealikwa harusi katika hoteli kubwa za mji huu. Ukumbi wa Waislamu uko ghorofa ya kwanza, baa iko chini yake, jiko ni moja. Sahani ni elfu 50 au zaidi. Hatujamsikia baba yeyote akisimama kuuliza kuku amechinjwa na nani, au kama wavu wa kuchomea umepitiwa na nguruwe jana usiku. Pale tunaogopa kuonekana washamba. Kwa mwenye kibanda tunapata ujasiri wote wa dini. Je, tatizo ni nyama, au ni kwamba kibanda ni kidogo na wenyewe hawana wa kuwatetea?

Na liko jingine, ambalo wengi hawalisemi mpaka wawe peke yao. Wanasema, "Hawa Wahindi mnawajua." Kwao Mpakistani naye ni Mhindi, mwenye kuswali na asiyeswali wote kapu moja. Tuwakumbushe vijana historia kidogo. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua wapatao 32,000 kutoka India ya Waingereza, wengi wao watu wa Punjab waliopandishwa meli Karachi. Pakistani haikuwepo mpaka 1947, ndiyo maana bango la kibanda lina majina mawili na jiko ni moja. Chapati, bajia, achari, kachumbari na biriani vimetufikia kwa njia ya watu hao. Leo kijana wa Kampala anakula chapati iliyoviringwa na mayai, ile inayoitwa rolex, akidhani ililetwa na babu yake Mganda.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Miongoni mwao walikuwemo Waislamu wengi, na aliyewafukuza alikuwa Muislamu. Wazee wetu wanasimulia jinsi watu walivyoshangilia wakigawana maduka, na jinsi walivyopanga foleni ya sukari, chumvi na sabuni miaka iliyofuata. Hatusemi Waasia hawana makosa. Wapo wanaowalipa wafanyakazi ujira wa aibu, wapo wanaojitenga hata msikitini, na hayo tutayasema mbele yao. Lakini katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha chuki yetu kwa watu fulani itufanye tusiwe waadilifu kwao. Mwenye hasira na tajiri wa duka la jumla akamtafute huko huko. Asimalizie hasira yake kwa mtu mwenye sufuria tano.

Madhara yameshatokea. Mwenye kibanda ametuambia mauzo ya mchana yamepungua karibu nusu. Kijana aliyekuwa akiosha vyombo na kupeleka chakula madukani, yatima tuliyemfundisha sisi wenyewe tangu alifu, amesimamishwa kazi, na hakuna aliyesambaza ujumbe ambaye amemuuliza anakula nini. Wanafunzi wawili wa kike walitujia wakakiri kwamba siku hizi wanapitisha mchana kwa chai na mandazi, kwa sababu wazazi wao walioko Tanga wamewapigia simu kuwakataza, na mahali pengine wanapopaweza kwa fedha yao hawapajui. Ujumbe ulivuka mpaka siku hiyo hiyo. Sijui kama huu wetu wa leo utavuka. Ukweli huwa na miguu mizito.

Kwa hiyo tunaondoa kauli yetu ya darasani. Tulikosea, tunamwomba Allah msamaha, na tumeshamwomba msamaha mwenye kibanda ana kwa ana. Alitufungia sambusa nne na akakataa fedha. Tukaziacha fedha juu ya kaunta. Kila mzazi aliyetuma ujumbe ule katika kundi lolote tunamtaka atume katika kundi lile lile kwamba habari haikuthibitika. Kufuta tu hakutoshi, kwani waliousoma wameshausoma. Mwenye ushahidi tofauti na tulioupata, aje nao madrasa baada ya swala ya Alasiri siku yoyote, tutamsikiliza, na ikibidi tutaondoka naye alfajiri mpaka sokoni.

Jumamosi hii, darasa la asubuhi likiisha, tutashuka na wanafunzi wakubwa mpaka pale kibandani. Tutaagiza dengu, wali na kuku wa karai, na tutakula nje kwenye benchi, mbele ya kila apitaye. Aliyeandika ujumbe ule, kama anatusoma, naye aje. Tutamlipia sisi.

Wabillahi tawfiq.