UKULIMA NA UFUGAJI: Joto la Bwawa la Ngege Huchungwa kama Mbegu Ghalani

Kila mwaka, miezi ya Juni, Julai na Agosti ifikapo, wafugaji wa samaki katika nyanda za juu za Kenya huona jambo lililo moja. Mkulima husimama kando ya bwawa lake asubuhi, hutupa chakula majini, na samaki hawainuki. Chakula huelea kitambo, kisha huzama. Wengine humlaumu muuza chakula, wengine hulaumu vifaranga walivyonunua, na wako wasemao kuwa ngege hawapendi udongo wa kwao. Aghalabu hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye kosa. Maji ni baridi, basi.

Yafaa ijulikane kwanza kuwa samaki si kama ng’ombe au kuku. Ng’ombe hula majani na mwili wake hujitengenezea joto, hata akilala nje penye umande. Samaki hana tanuri hiyo ndani yake. Maji yakiwa ya moto mwili wake huwa wa moto, na maji yakipoa naye hupoa, na tumbo lake halisagi chakula upesi. Ngege afugwaye sana siku hizi ni yule wa Mto Nile, ambaye jamaa zake huishi pia katika maziwa ya Turkana na Baringo, penye jua kali. Hukua vizuri zaidi maji yakiwa na joto la nyuzi 25 mpaka 30 katika kipimo cha Selsiasi. Chini ya nyuzi 20 hula kidogo na huacha kuzaa. Chini ya nyuzi 16 karibu aache kula kabisa, na maji yakishuka hadi nyuzi 11 au 12 yu hatarini kufa.

Basi mkulima wa nyanda za juu ana kazi ya kumchungia samaki wake joto. Wengi wadhani kuwa kazi hiyo yahitaji moto au umeme. Hebu hesabu ifanywe. Bwawa la meta 20 kwa 15, lenye kina cha meta 1, huwa na maji lita 300,000. Kuyapandisha maji hayo joto kwa nyuzi 1 tu kwahitaji yuniti 350 hivi za umeme, na usiku ukiingia joto hilo laweza kupotea lote. Hakuna mkulima mdogo awezaye gharama hiyo. Lakini jua huifanya kazi ile ile kila mchana bila kudai malipo. Kazi ya mkulima ni kuzuia kile alichopewa na jua kisitoroke.

Mlango mkubwa wa kutorokea joto ni mfereji. Chukua mfano wa majirani wawili walio kwenye mteremko mmoja wa Nyandarua, wenye mabwawa yaliyo sawa kwa ukubwa, wote wawili wakipata maji katika kijito kimoja kishukacho mlimani. Wa kwanza ameacha mfereji wazi mchana na usiku, kwa kuwa aamini kwamba samaki hutaka maji yapitayo, kama mtoni. Wa pili alijaza bwawa, akafunga mfereji, naye huufungua tu ili kurudisha maji yaliyopungua kwa jua au kwa kunywewa na ardhi. Ikiwa mfereji wa yule wa kwanza hutoa maji ya kujaza mtungi wa lita 20 kila sekunde 4, basi katika muda usiofika saa 17 maji mapya yaliyoingia hutosha kujaza bwawa zima. Hayo ni maji ya mlimani, ambayo hayakupata nafasi ya kuota jua. Tena mbolea aliyotia ili maji yageuke kijani, yaani yaote vile vijimea vidogo viliwavyo na ngege, huchukuliwa yote mtoni. Jirani huyu hupoteza joto na chakula kwa mlango mmoja, naye hudhani kuwa anawatendea samaki wake wema.

Mlango wa pili ni upepo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kupoza lita zaidi ya 500 kwa nyuzi 1, na upepo ndio uharakishao mvuke. Kwa hiyo bwawa lichimbwe mahali palipokingwa, wala si juu ya kilima penye kuvuma, wala si chini kabisa bondeni ambako hewa baridi hushuka na kutuama usiku. Upande utokako upepo yafaa pandwe ua wa mimea kama matete, mbali kidogo na tuta. Miti mirefu isipandwe karibu, kwa maana kivuli chake huzuia jua, majani yake huoza majini, na mizizi yake hutoboa tuta.

Tatu ni kina. Bwawa lenye maji ya kufika magotini tu hupata moto upesi mchana na hupoa upesi usiku, na samaki huchoshwa na mabadiliko hayo. Kina cha sentimeta 60 hivi upande wa juu, kikiendelea mpaka meta 1 na robo upande wa chini, huwapa samaki nafasi ya kukimbilia usiku wa baridi. Maji ya mvua yatiririkayo kutoka shambani yageuzwe kwa mtaro wa nje. Na maji ya ziada yatokapo bwawani, yafaa yawe yale baridi ya chini, wala si yale ya juu yaliyopata moto. Mafundi huweka bomba pana kulizunguka lile la kutolea maji, likiwa na matundu upande wa chini tu, ili yatokayo yawe yale ya sakafuni.

Baada ya hayo ndipo mkulima aweza kufikiri juu ya kufunika. Siku hizi wako wajengao juu ya bwawa dogo nyumba ya miti na karatasi nzito ya nailoni ipitishayo mwanga. Jua huingia, upepo hauingii, na maji hukaa na joto zaidi kuliko ya bwawa la wazi. Lakini nyumba hiyo ina gharama, na karatasi huchakaa kwa jua, nayo hapana budi kubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Tena nyumba sharti iwe na madirisha ya kufunguliwa mchana. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji baridi, na samaki walio wengi katika maji ya moto yasiyopata hewa waweza kufa kabla ya alfajiri. Mkulima akiwaona wakihema juu ya maji mapambazuko, na ajue kuwa hewa imepungua. Aache kulisha siku hiyo, na atie maji mapya bila kukawia.

Hata mlo hapana budi kufuata joto. Katika miezi ya baridi chakula kisitupwe asubuhi na mapema, bali kati ya saa nne na saa kumi mchana, maji yakiwa yamepata moto. Kitolewe kidogo kidogo, na samaki wakiacha kuinuka, mkono nao uache kutupa. Chakula kilichobaki huoza na kula hewa ya majini, na fedha ya mkulima huoza pamoja nacho. Wala vifaranga visihamishwe wakati huo wa baridi, kwa sababu samaki aliyeshikwashikwa katika maji baridi huota ukungu mwilini na kidonda chake hakiponi upesi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140 yaliyoteuliwa, kila bwawa likiwa na meta za mraba 300. Bwawa la namna hiyo ni shamba kamili, nalo hudai fedha za vifaranga na za chakula. Penye joto, ngege huweza kufika sokoni kwa miezi sita mpaka minane. Penye baridi mwaka waweza kwisha naye angali mdogo kama kiganja, ilhali chakula kimelipiwa miezi yote hiyo, na karo ya watoto iliyotarajiwa haikupatikana.

Kwa hiyo yampasa mkulima kusema kweli na nafsi yake. Anunue kipimajoto, akitumbukize majini kina cha sentimeta 30, alfajiri na saa tisa mchana, aandike daftarini, hasa mwezi wa Julai. Ikiwa hana bwawa bado, apime lile la jirani. Akiona kuwa hata mchana maji hayafiki nyuzi 20 kwa miezi mingi, shamba lake si la ngege. Trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa Kenya mwaka 1905, aweza kumfaa ikiwa ana maji safi yapitayo daima, ingawa huyo naye ana gharama zake. Ikiwa hayo pia hayapo, viazi na maziwa vitamlipa zaidi. Afisa wa uvuvi aliye karibu ataweza kumshauri, na atamshauri vema zaidi akiliona daftari hilo.

Wako waliochimba kwanza wakapima baadaye, na mashimo yao yameota nyasi. Kipimajoto na kitangulie jembe.