Domeni Mbili Si Programu Mbili

Leo sina habari za simu mpya wala za programu mpya. Leo nina ugomvi, tena ugomvi na mafundi wenzangu tunaotengeneza tovuti. Kama wewe si fundi lakini unamlipa fundi, soma mpaka mwisho, maana pesa zinazozungumzwa hapa ni zako.

Ugomvi wenyewe ni huu. Huku kwetu biashara ina pande mbili. Muuza ndizi wa Taveta, mwenye nyumba ya wageni, msafirishaji wa mizigo, wote wana wateja Kenya na wana wateja Tanzania. Mtu kama huyo akitaka tovuti, anataka jina linaloishia .co.ke kwa Wakenya na jingine linaloishia .co.tz kwa Watanzania. Ombi hilo ni la haki kabisa, kwani watu huliamini jina la kwao. Sasa fundi anafanya nini? Anachukua programu ile ile, ananakili folda nzima, anaiweka mara ya pili, anaunda hifadhidata ya pili, halafu anaandika ankara ya pili. Mteja akiongeza jina la .com, anapata nakala ya tatu na ankara ya tatu.

Mimi nasema huo si ufundi. Huko ni kumuuzia mtu shati lake mwenyewe mara tatu.

Nimewahi kukabidhiwa kazi ya namna hiyo iliyoachwa na fundi mwingine. Domeni tatu, nakala tatu, zote ndani ya seva moja. Bei za vyumba zilikuwa tofauti katika kila nakala, kwa sababu mwenye biashara alibadilisha moja akidhani amebadilisha zote. Mgeni aliyelipa bei ya zamani hakukosea, wala mwenye nyumba hakukosea. Lakini wao ndio waliogombana mapokezini, huku fundi akiwa amekwisha kula chake na kuondoka.

Litazameni Ziwa Chala. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita juu ya maji yake. Ukiteka maji upande huu uko Kenya, ukiteka upande ule uko Tanzania, na maji ni yale yale. Hakuna aliyechimba ziwa la pili ili kila nchi iwe na lake. Njia za kulifikia ni mbili, ziwa ni moja. Tovuti inaweza kuwa hivyo hivyo, na wala si jambo la kuota. Limewezekana kwa miaka mingi.

Linavyofanya kazi

Unapoandika jina la tovuti kwenye kivinjari, mfumo wa majina ya intaneti unaligeuza kuwa anwani ya IP, na kivinjari kinabisha hodi kwenye anwani hiyo. Domeni nyingi zinaweza kuelekezwa kwenye anwani moja. Je, seva inajuaje mgeni anamtafuta nani? Kivinjari chenyewe kinasema. Tangu HTTP/1.1 ilipotolewa mwaka 1997, kila ombi la toleo hilo ni lazima libebe mstari unaoitwa Host, ambao ndani yake limo jina la domeni iliyoombwa. Kwa mawasiliano yaliyofumbwa, yaani HTTPS, uliongezwa utaratibu unaoitwa SNI, ulioandikwa katika viwango vya intaneti mwaka 2003. Huu unataja jina mapema ili seva ijue itoe cheti kipi.

Hapo ndipo inapoingia proksi ya kinyume. Proksi ya kawaida husimama upande wa mtumiaji na kumwendea huko nje. Ya kinyume husimama upande wa seva, kama bawabu mlangoni. Inapokea kila mgeni, inasoma jina alilolitaja, inashughulikia cheti, kisha inampeleka kwenye programu iliyo ndani. Mgeni haoni zaidi ya bawabu. Kazi hii inafanywa vizuri na nginx, programu ya bure iliyoandikwa na Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004. Apache pia inaiweza.

Huu hapa usanidi wake. Weka majina yako badala ya ya mfano:

server {
    listen 443 ssl default_server;
    ssl_reject_handshake on;
}

server {
    listen 443 ssl;
    server_name mfano.co.ke mfano.co.tz;
    ssl_certificate /etc/letsencrypt/live/mfano.co.ke/fullchain.pem;
    ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/mfano.co.ke/privkey.pem;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $remote_addr;
    }
}

Basi. Jina la tatu likija, unaliongeza kwenye mstari wa server_name na kwenye cheti. Cheti kimoja kinaweza kubeba majina mengi, na Let's Encrypt wamekuwa wakivitoa bure tangu mwishoni mwa 2015. Hiyo ndiyo kazi iliyotozwa kama ujenzi wa tovuti mpya.

Mistari ile mitatu ya proxy_set_header usiiruke. Bila wa kwanza, nginx huipa programu jina lililo kwenye proxy_pass, na mteja wa Moshi anaweza kupewa viungo vinavyompeleka 127.0.0.1, yaani kwenye tarakilishi yake mwenyewe. Bila wa pili, programu inadhani mgeni amekuja kwa HTTP tupu, nayo ikilazimisha HTTPS inamzungusha bila kikomo. Bila wa tatu, programu inaona wageni wote wametoka anwani moja, na siku ya kumtafuta mhalifu kumbukumbu zake hazitakusaidia. Kile kifungu cha juu nacho kina kazi yake: kinamkataa anayekuja na jina lisilo letu. Na programu yenyewe pia iwe na orodha ya majina inayoyakubali. Django iliongeza orodha hiyo mwaka 2013, ikaiita ALLOWED_HOSTS, kwa sababu wavamizi walikuwa wanaweza kughushi jina hilo ili barua ya kubadilisha nywila ibebe kiungo cha tovuti yao.

Wanaonipinga

Najua mtakayosema. La kwanza: "Nakala nyingi ni usalama, moja ikivamiwa nyingine inabaki." Si kweli. Nakala za programu moja zina tundu lile lile, na aliyepita kwenye moja anajua njia ya kuingia kwenye zote. Kumbukeni tarehe 15 Oktoba 2014, Drupal walipotangaza tundu kubwa katika toleo lao la 7. Wiki mbili baadaye wenyewe wakaonya kwamba tovuti yoyote ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo ihesabiwe kuwa imeshavamiwa. Saa 7! Mwenye programu moja aliziba mara moja. Mwenye nakala tano alipaswa kuziba mara tano, na kwanza azikumbuke zote tano.

La pili: "Wateja ni tofauti. Huku shilingi ya Kenya, kule shilingi ya Tanzania. Huku namba zinaanza na 254, kule 255." Kweli kabisa, lakini hizo ni tofauti za mipangilio. Programu inasoma Host, inaangalia kwenye jedwali, inachagua sarafu, namba ya simu na maneno ya kukaribisha. Ni jedwali la mistari miwili. Mnajenga nyumba ya pili kwa sababu ya kubadilisha pazia.

La tatu ndilo zito, nami naliheshimu: sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ikiwa sheria au mkataba unakutaka utenganishe taarifa za wateja, zitenganishe. Weka hifadhidata mbili, hata seva mbili. Lakini msimbo ubaki mmoja, utunzwe mahali pamoja, urekebishwe mara moja. Kutenganisha data ni uamuzi mmoja, kunakili programu ni mwingine, na wa kwanza usiwe kisingizio cha wa pili.

La nne: "Bawabu akianguka, tovuti zote zinaanguka." Hili nakubali. Lakini nakala zenu tatu nazo zimekaa ndani ya seva moja. Ikizimika, zimezimika zote. Tofauti ni kwamba mimi nikitaka bawabu wa akiba, namwandalia usanidi mmoja tu.

Nisidanganye pia kwamba proksi inamaliza kila kitu. Kuki za .co.ke hazisomeki .co.tz, kwa hiyo aliyeingia kwa nywila upande mmoja ataingia upya upande wa pili, mpaka utengeneze njia maalumu. Na ukurasa ule ule ukiwa na anwani mbili, ziambie injini za utafutaji upi ni wa Kenya na upi wa Tanzania, kwa alama ya hreflang. Hizo ni kazi halisi. Zitozeni pesa, tena pesa nzuri!

Kwa wewe unayelipa, kabla hujatoa hela muulize fundi wako maswali matatu. Nikibadilisha bei mahali pamoja, itabadilika kwenye majina yote? Kukitangazwa tundu la usalama leo usiku, utaziba mara ngapi? Nikiongeza jina jingine mwezi ujao, ni kazi ya saa ngapi? Akianza kukueleza habari za folda mpya na hifadhidata mpya, mwambie aje atazame ziwa.