BARAZANI: Mtoto Aliyeomba Kubebwa

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo kuhusu watoto wetu na lugha ya nyumbani. Tunaomba radhi, mazungumzo hayo yatangoja. Binti yetu ametutaka tueleze katika ukurasa huu yaliyotufika mwaka juzi, majira ya baridi, kwa matumaini kuwa mzazi mwingine atafaidika.

Mjukuu wetu alikuwa na umri wa miaka minne. Chuo cha Kurani cha msikiti wetu kiko ghorofani, na mtoto huyu alikuwa na ada ya kupanda ngazi mbio akiwatangulia wakubwa wake. Jumamosi moja alisimama chini ya ngazi akasema, "Babu, nibebe." Tukambeba. Jumamosi ya pili akaomba tena, tukamtania kuwa amekuwa mzee kabla yetu. Usiku akawa analia miguu. Sisi tuliofundisha watoto zaidi ya miaka 30, tukadhani twawajua, tukamwambia mama yake kwa uhakika kabisa, "Mwanangu, hayo ni maumivu ya kukua."

Kila jambo lilipata jawabu lake. Homa ikaja ikaenda, ikarudi. Familia ilikuwa imetoka Mombasa karibuni, basi akapimwa malaria siku ileile, na ilipoonekana hana, sote tukapumua. (Kupima malaria kulikuwa sahihi, na kila mtoto atokaye pwani na homa apimwe bila kungoja. Lakini kutokuwa na malaria si sawa na kuwa mzima.) Pua ilitoka damu, tukalaumu joto kavu la nyumba za huku. Miguuni palivilia damu, tukalaumu mpira. Bibi yake alisema ni jicho, akamsomea, na hatuna neno juu ya kusomewa. Majawabu yote yalikuwa ya busara. Kosa letu ni kwamba tuliyatoa moja moja, wala hapana aliyeyaweka pamoja, ila mama yake.

Yeye alikuwa na kalenda ya nyakati za sala ukutani jikoni. Pembeni mwa tarehe akaandika kwa kalamu: homa, pua, hakula, miguu, alama mpya mgongoni, hakuanguka. Alipokuja kutuonyesha, mwezi mzima ulikuwa umejaa wino.

Sasa twaujua ugonjwa wenyewe, nao ni saratani ya damu iitwayo lukemia. Ndani ya mifupa mna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Katika lukemia, chembe nyeupe changa zisizokomaa huzaliana bila kiasi hata zikawanyima wenzao nafasi. Chembe nyekundu zikipungua, mtoto huchoka na kupauka. Zile zinazogandisha damu zikipungua, huvilia damu bila kugongwa, na pua au ufizi hutoka damu. Chembe nyeupe timamu zikikosekana, homa na maambukizi hayaishi. Na uboho uliosongwa huiumiza mifupa. Kwa hiyo ngazi, pua, homa na kilio cha usiku vyote vilikuwa na asili moja.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Vitabu vingi husema mtoto "hugeuka mweupe", na picha zake ni za watoto wa Kizungu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi au maji ya kunde, mzazi atazame viganja, ufizi, ulimi, na upande wa ndani wa kope la chini. Atazame pia kama pana vidoa vidogo mno, mithili ya ncha za sindano, visivyofifia vikibonyezwa kwa bilauri. Kwa ngozi yetu huonekana vyema zaidi nyayoni, viganjani au ndani ya mdomo. Vidoa hivyo havingoji miadi, na vikiwa pamoja na homa ni hospitali saa hiyohiyo. Apapase shingo, kwapa na kinena kama pana mitoki iliyovimba, na tumbo kama limejaa upande wa mbavu.

La pili ni gumu kulisema. Binti yetu alikuwa akimvisha mwanawe suruali ndefu na soksi ili walimu wasizione zile alama. Alichelea kuulizwa kama mtoto hupigwa nyumbani, na twajua hayuko peke yake katika hofu hiyo. Twasema kama mwalimu: ni kweli, mwalimu akiona ataulizia, ndiyo kazi yake. Lakini alama iliyofichwa mwalimu huifichwa daktari pia. Mvue mtoto nguo mbele ya daktari, mwonyeshe kila alama, na useme wazi kuwa hujui ilikotoka.

Daktari wa kwanza alisema ni virusi. Hatumlaumu sana. Lukemia ni nadra, daktari wa mtaa huweza kukaa miaka asiione, na watoto walio wengi wenye homa na uchovu hawana ugonjwa huu. Siku tisa baadaye binti yetu alirudi akiwa na kalenda mkononi, akamwambia daktari wa pili, "Huyu si mtoto wangu ninayemjua." Daktari aliisoma kalenda yote, kisha akaagiza hesabu kamili ya chembe za damu. Simu ililia usiku uleule baada ya Isha, wakaambiwa waende hospitali wasingoje asubuhi.

Inafaa mjue kuwa mwongozo wa kitaifa wa madaktari wa Uingereza, uliotolewa 2015, unawataka wakitoe kipimo hicho ndani ya saa 48 kwa mtoto mwenye weupe, uchovu usiokwisha, homa isiyo na sababu, maumivu ya mifupa yasiyoeleweka, au kuvilia damu kusikoelezeka. Unawataka pia wauzingatie utambuzi wa mzazi. Basi mzazi asione haya kurudi mara ya pili na ya tatu. Asiyejiamini kwa Kiingereza aombe mkalimani, ambaye halipiwi. Asimpe kazi hiyo kaka wa mgonjwa mwenye miaka kumi.

Theluthi moja hivi ya saratani za watoto ni lukemia, na aina iliyo ya kawaida zaidi huwapata hasa wa miaka miwili hadi mitano. Wakati sisi tunazaliwa ilikuwa karibu hukumu ya kifo. Mwaka 1948 ndipo Sidney Farber wa Boston alipoeleza jinsi dawa ilivyowapa watoto nafuu ya muda. Leo, katika nchi kama hii, watoto tisa kati ya kumi wenye aina hiyo huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa, na wengi wao hupona kabisa. Moja ya dawa alizopewa mjukuu wetu, vinkristini, asili yake ni ua la Madagascar, lile dogo lenye petali tano, la waridi au jeupe, linalomea nyuani kwetu pwani bila kumwagiwa maji. Bibi yake alipoambiwa hayo alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama madaktari wanajua kuwa yeye alikuwa akilifagia.

Tiba ni ndefu, miaka miwili na zaidi. Nywele zilitoka zikarudi. Bado anameza vidonge kila usiku, na homa ikifika nyuzi 38 hospitali hupigiwa simu papo hapo, iwe ni siku ya Idi. Jumamosi iliyopita alipanda zile ngazi polepole, ameshika ukuta, akatukataza tusimshike mkono.

Suala la lugha ya nyumbani tutalirudia mwezi ujao, inshaallah. Wabillahi tawfiq.