Dhahabu ya Uganda, mazoezi ya Kenya

Baada ya John Akii-Bua kushinda mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972, Uganda ilisubiri miaka 40 kuipata dhahabu nyingine ya Olimpiki. Aliileta Stephen Kiprotich, kijana wa Kapchorwa aliyevuka mpaka kwenda kujinoa Eldoret. Katika marathoni ya London 2012 aliwaacha nyuma Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang. Na bado wakimbiaji wa Uganda wanapokewa.

Wenye magunia hawakupokewa hivyo Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu. Sumukuvu ni hatari, hatubishi. Lakini ipimwe pale Malaba na Busia, shehena kwa shehena, si kuhukumu nchi nzima.