Misimu Imebadilika, Nasi Tungali Tunabishania Majina

Mnamo Oktoba 2023 Wakenya walielezwa na viongozi wao kwamba El Niño iliyohofiwa haingekuja tena. Zingenyesha tu mvua kubwa kuliko kawaida. Ukazuka mjadala juu ya jina. Kabla haujatulia, maji yalikuwa yamefurika Mandera, Garissa, Tana River na Mombasa, na kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya watu mia moja walikuwa wamefariki. Kwa mtu ambaye nyumba yake imezolewa na maji, jina la mvua lina faida gani?

Mimi ni mwalimu wa lugha, si mtaalamu wa hali ya anga. Hata hivyo, lugha yetu ina ushahidi katika jambo hili. Neno "msimu" lina asili ya Kiarabu, na ni neno hilo hilo walilolichukua Wareno, kisha Waingereza, kuzitaja pepo za Bahari ya Hindi. Kwa Kaskazi na Kusi, kwa masika na vuli, wahenga wa pwani walipanga safari, biashara na kilimo. Majina hayo yalikuwa kalenda. Leo kalenda hiyo haiaminiki tena.

Wengi hudhani kwamba dunia ikizidi joto, mvua zitapungua kila mahali, au zitaongezeka kila mahali. Dhana zote mbili ni potofu. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ndiyo sababu mvua ikinyesha, hunyesha kwa kishindo. Lakini inyeshe wapi na lini, hilo huamuliwa na pepo, nazo pepo hufuata tofauti ya joto baina ya bahari na nchi kavu.

Tuitazame India. Zaidi ya thuluthi mbili ya mvua yake hunyesha kati ya Juni na Septemba. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mvua hizo zilipungua, sababu mojawapo ikiwa moshi unaoziba miali ya jua na kupoza bara, ilhali bahari ilizidi kupata joto. Pamoja na hayo, katika India ya kati mvua za gharika ziliongezeka. Jumla ilishuka, maafa yakapanda. Huko Sahel nako, ukame wa miaka ya 1970 na 1980, uliochangiwa na moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani, ulifuatiwa na mvua zilizorejea kwa kiasi, lakini aghalabu kwa dhoruba kali.

Na kwetu je? Mvua za masika zilipungua kuanzia miaka ya 1980, ijapokuwa hesabu za kompyuta hutabiri kwamba zitaongezeka. Hicho ni kitendawili ambacho wanasayansi wangali wanakitegua. Vuli nazo hutegemea bahari: upande wetu wa Bahari ya Hindi ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, twafurika, kama ilivyokuwa mwaka wa 2019; ikiwa kinyume, twakauka. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya na katika nchi jirani za Somalia na Ethiopia. Kisha yakaja mafuriko ya 2023, na mengine ya Aprili na Mei 2024.

Kwa hiyo "mvua ya wastani" ni maneno ya hadhari. Wastani wa ukame na gharika ni mwaka mzuri ambao hakuna aliyeuona. Mkulima wa Kitui hataki wastani. Ataka kujua mvua itaanza lini, itakatika kwa siku ngapi, na itakwisha lini. Aelezwe hayo kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, pamoja na kiwango cha uhakika. "Huenda" ya mtaalamu isigeuzwe "haitakuja" na mwanasiasa jukwaani. Aidha, serikali za kaunti zizibue mitaro na kuchimba mabwawa katika mwaka mmoja, si kusubiri balaa ichague upande.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Mawingu tumekwisha kuyaona. Tusingoje kuafikiana jina lake ndipo tuezeke paa.