Sindano ya moyo kila wiki 4: Kabla hujamwachisha mtoto, uliza moyo wake umefika hatua gani

Chukua familia moja ya Boko Magengeni. Binti ana miaka 11, yuko darasa la 5. Alianza kuumwa magoti. Magoti yakapona, maumivu yakahamia kwenye vifundo vya miguu, kisha kwenye kiwiko. Homa ikawa inakuja na kuondoka. Baba akasema mtoto anakua, bibi akasema ni baridi, akamsugua mafuta ya nazi ya moto. Alipoanza kuhema kwa kutembea tu kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani, mama akampeleka hospitali. Akafanyiwa eko, kipimo kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, na jibu likaja kuwa valvu moja ya moyo imeanza kuharibika. Dawa aliyoandikiwa ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, kwa miaka.

Baada ya sindano ya tatu, baba anarudi kutoka kijiweni na habari.

"Mke wangu, hiyo sindano iacheni. Nimeambiwa kuna mtoto kachomwa hiyohiyo, hata mlangoni hakufika."

"Na daktari aliyesema asikose hata moja?"

"Daktari mtoto si wake."

Familia hiyo ni ya mfano, ila hofu ya baba si ya kubuni. Madaktari wenyewe wameiandika katika majarida yao, wameichunguza na wametoa jibu. Jibu hilo halimpi baba ushindi wala mama. Linategemea swali ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliuliza hospitali: moyo wa mtoto umefika hatua gani?

Koo linavyofika moyoni

Ugonjwa huu huanzia kooni. Kuna bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A anayesababisha mafindofindo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwili unapopambana naye, kwa baadhi ya watoto kinga hukosea na kushambulia pia viungo vya mwili wenyewe. Hapo ndipo wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, mtoto hupata homa ya rumatiki: maumivu yanayohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, homa, na wakati mwingine mikono na miguu kucheza bila yeye kutaka.

Maungo hupona na hayaachi kovu. Moyo ndio unaobaki na kovu. Valvu, yaani milango midogo inayofunguka na kufunga ili damu iende upande mmoja, hukakamaa au hushindwa kufunga vizuri. Kila homa inaporudi, kovu huongezeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 hivi duniani wanaishi na ugonjwa huu, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako watoto wengi hulala chumba kimoja na bakteria huhama kirahisi.

Si kila koo linaloumwa ni la kutisha. Mengi husababishwa na virusi, hasa yanapokuja na mafua na kikohozi, na hayahitaji antibiotiki. La kupeleka zahanati mapema ni lile linaloanza ghafla, lenye homa, bila kikohozi, mtoto anashindwa kumeza na tezi za shingoni zimevimba. Dawa sahihi ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia homa ya rumatiki. Kwa penisilini ya vidonge, dozi kamili ni siku 10. Vidonge vinne vya kununua duka la dawa vinapunguza maumivu, mtoto anarudi shuleni, na bakteria anabaki. Kukata kimeo hakumwondoi bakteria huyo hata kidogo. Kunaongeza hatari ya kutoka damu na kupata maambukizi mengine.

Ushahidi kutoka Gulu

Swali la iwapo sindano inamsaidia mtoto mwenye kovu dogo lilikuwa halina jibu la uhakika kwa miaka mingi. Jibu limetoka hapa jirani, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watafiti walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 na kuwapata wenye dalili za awali za ugonjwa kwenye eko, ambao wengi hawakuwa wakijisikia kuumwa. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wachomwe penisilini kila wiki 4, nusu wasichomwe bali wafuatiliwe kwa karibu. Baada ya miaka 2 karibu wote walipimwa upya.

Kati ya watoto 399 waliochomwa, ugonjwa uliongezeka kwa watoto 3. Kati ya 400 ambao hawakuchomwa, uliongezeka kwa 33. Ni kusema, chini ya mtoto 1 katika kila 100 upande mmoja, na watoto 8 katika kila 100 upande wa pili. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2021 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Mzazi makini ataona kitu kingine katika hesabu hiyo. Hata upande wa wasiochomwa, zaidi ya watoto 90 katika 100 hawakuzidiwa ndani ya miaka hiyo 2. Kwa hiyo jirani akisema, "Wangu tuliacha na mbona anacheza mpira," huenda hasemi uongo. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kumtazama mtoto usoni akajua kama ni miongoni mwa wale 8. Kwa hesabu ya Gulu, watoto 13 wakichomwa kwa miaka 2, mmoja anaokolewa asizidiwe. Huyo mmoja hajulikani, ndiyo maana wanachomwa wote 13.

Na madhara? Katika watoto hao waliochomwa mwezi hadi mwezi, wawili walipata madhara makubwa yaliyotokana na sindano. Mmoja wao alipata mzio wa mwili mzima, usio mkali sana. Hakuna aliyekufa kwa sindano.

Hofu ya baba ina chembe ya ukweli

Vifo baada ya sindano hii vipo, na ni vichache mno. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuatilia wagonjwa 1,790 waliochomwa jumla ya sindano zaidi ya 32,000. Wanne walipata mzio mkali, na mmoja akafariki.

Kwa muda mrefu kila kifo cha aina hiyo kilihesabiwa kuwa cha mzio wa penisilini. Mwaka 2022, Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo baada ya kupitia taarifa za vifo kutoka nchi mbalimbali, na kikasema kuwa baadhi ya vifo hivyo havifanani na mzio. Waliokufa walikuwa na valvu zilizoharibika sana. Wengine walianguka palepale, bila vipele wala kuvimba. Kinachodhaniwa ni hiki: maumivu na hofu ya sindano humfanya mtu yeyote ashuke presha ghafla na kuzimia. Mwenye moyo wenye nguvu huzinduka. Mwenye valvu iliyoziba sana au moyo uliochoka hawezi kuhimili.

Kwa hiyo mwongozo ukatenganisha wagonjwa. Kwa walio wengi, wenye ugonjwa mdogo au wa kati na wasio na mzio wa penisilini, sindano inabaki kuwa kinga bora. Kwa wale ambao ugonjwa ni mkali na wana dalili, wanaohema, waliovimba au ambao moyo unasukuma damu kwa udhaifu, daktari afikirie kwa uzito kuwapa vidonge vya kila siku badala ya sindano.

Hapo ndipo baba na mama wa Boko wanapokutana. Baba amesikia habari ambayo huenda ilitokea kweli, lakini kwa mtoto wa hatua nyingine. Mama anashika maelekezo sahihi, lakini binti yake anahema, na hilo linatosha kurudi kwa daktari na kuuliza kama kuhema huko ni kwa ugonjwa mkali. Kuacha sindano kimyakimya hakumlindi binti. Kunamwacha bila sindano na bila vidonge.

Tumbo likijaa, si lazima liwe ini

Valvu zikiharibika sana, damu inayorudi kwenye moyo hukosa nafasi na hurudi nyuma. Miguu huvimba, tumbo hujaa maji, na ini huvimba na kuuma upande wa kulia chini ya mbavu. Familia ikisikia "ini limevimba" huanza kutafuta dawa ya ini, za mitishamba zikiwemo, wakati anayeumwa ni moyo. Mtoto mwenye tumbo linalokua huku akihema au akishindwa kulala chali anahitaji kupimwa moyo haraka.

Katika hatua hiyo hata matibabu huwa na hatari zaidi. Valvu iliyoziba inaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua, lakini valvu inaweza kuchanika ikaanza kuvujisha damu. Valvu isiyofaa tena hurekebishwa au hubadilishwa kwa upasuaji. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India. Siku hizi matibabu haya yanafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili.

Anayewekewa valvu ya chuma hunywa warfarini maisha yake yote ili damu isigande. Dawa hiyo inataka vipimo vya damu vya mara kwa mara. Ikizidi, mtu hutoka damu. Ikipungua, anaweza kupata kiharusi. Ini ndilo linaloivunja, hivyo mitishamba na baadhi ya dawa za dukani zinaweza kuibadilisha nguvu bila mtu kujua. Kwa binti kuna jambo zaidi: warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, kwa hiyo mpango wa uzazi huzungumzwa na daktari kabla, si baada.

Wapo wanaoshauriwa mitaani wahamie dawa mpya zisizohitaji vipimo. Utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24, wenye ugonjwa huu wa valvu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ulilinganisha dawa mpya ya rivaroksabani na zile za zamani kama warfarini. Waliotumia za zamani walikufa wachache zaidi. Katika ugonjwa huu, upya wa dawa haukuwa ubora.

Sindano ya kila wiki 4 imewekwa ili mtoto asifike huko.

Maswali ya kwenda nayo hospitali

La kwanza: valvu ya mtoto wangu imeharibika kidogo, wastani au sana? Omba jibu liandikwe kwenye daftari lake la kliniki, ili muuguzi wa zahanati ya karibu na nyumbani alione kabla ya kuchoma.

La pili: kwa hatua hiyo, anafaa sindano au vidonge? Na kwa miaka mingapi? Kwa mtoto aliyewahi kupata homa ya rumatiki na valvu ikaguswa, kwa kawaida ni angalau miaka 10.

La tatu: hapa anapochomwa, dawa ya dharura ya mzio ipo? Na je, baada ya sindano ataangaliwa kabla ya kuondoka? Kama amewahi kupata vipele, kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya penisilini, sema kabla sindano haijavutwa.

Siku ya sindano, mtoto ale na anywe maji ya kutosha kabla ya kutoka nyumbani. Achomwe akiwa amelala, si amesimama. Muulize muuguzi kama anaweza kuchanganya na ganzi kidogo ya lidokaini, inayopunguza maumivu, na amsukumie dawa taratibu. Mtoto asiyeumizwa sana hatatafuta sababu ya kukosa mwezi ujao.

Jambo la mwisho ni kalenda. Wengi huhesabu tarehe: tano mwezi huu, tano mwezi ujao. Lakini miezi mingi ina siku 30 au 31, na kinga ya dawa hupungua siku za mwishoni. Hesabu wiki. Kama alichomwa Jumamosi, sindano zote ziwe Jumamosi, kila ya nne. Weka kengele kwenye simu hiyohiyo unayosomea, na nyingine kwenye simu ya baba, ili wote wawili waijue siku.