Uliza Kwanza Analiwa na Nani

Ndugu mkulima wa Meru na Embu, kabla hujaua mdudu shambani, uliza anakula nini na analiwa na nani. Swali hilo lina uzito zaidi kuliko bomba la dawa ulilobeba mgongoni.

Chukua mfano wa mbali. Kule Alaska yuko fisi maji wa baharini, ndugu wa huyu wa mito ya Mlima Kenya. Aliwindwa kwa ajili ya manyoya yake karibu aishe, hadi mkataba wa 1911 ulipomlinda. Mwaka 1974 wanasayansi James Estes na John Palmisano wakachapisha ulinganisho wa visiwa. Amchitka, alikorudi fisi maji, mwani ulisimama msitu mzima chini ya maji. Shemya, ambako hakuwapo, vijinyama vya miiba anavyovila vilikuwa vimezagaa na kuutafuna mwani. Hawakubahatisha, walikwenda kuona.

Mliwa kuzagaa akikosa mlaji si jambo la ng'ambo peke yake. Miaka ya 1920 vidung'ata walivamia kahawa ya Kenya, wakainyonya hata wenye mashamba wakakata tamaa. Wataalamu walidhani ni mdudu wa Asia, wakatafuta adui zake huko, wakaambulia patupu. Baadaye ikabainika kwamba ni aina ya pekee, asili yake Uganda. Alikuwa amevuka mpaka akawaacha adui zake nyuma. Mwaka 1938 wakaletwa kutoka Uganda nyigu wadogo mno, wanaotaga mayai ndani ya kidung'ata, na polepole janga likatulia. Miaka hiyo hiyo ya 1930 ndipo Wameru walipokuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kupanda kahawa. Faida ya nyigu wale tumeila sisi, na ni wangapi wanaowajua?

Mtu ataniambia kwamba mwenye deni la chama cha ushirika hana muda wa kuchungulia wadudu. Nakataa. Mwenye deni ndiye asiyemudu kununua sumu inayomuua nyigu, kisha arudi dukani kununua nyingine kwa sababu vidung'ata wamezaliana bila mlinzi.

Basi geuza jani utazame. Ukiona chungu wakipanda mti, jua wanafuata utamu wa vidung'ata, na huwafukuza nyigu. Pogoa matawi yanayogusa ardhi, uwapunguzie ngazi. Mwite afisa wa kilimo aone kabla hujafungua chupa.